U Nani, U wa Nani, U Pamoja na Nani?

Ndugu zetu walioko Thika na Ruiru wametuletea suala. Wametaka tulitie katika darasa yetu, tulijadili, kisha tuwajibu kwa maandishi ili wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi, Lamu na kwengineko nao wafaidike. Tumelijadili kwa Ijumaa tatu, na haya ndiyo tuliyoyafikia. Hatudai kuwa tumekingwa na kosa. Atakayeona tumeteleza na atuandikie.

Kisa chenyewe ni hiki. Siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, Jumanne tarehe 9 Agosti 2022, mzee mmoja fundi wa cherehani, mzaliwa wa pwani aliyehamia Thika tangu ujana wake, alidamka, akasali Alfajiri, kisha akashika njia kwenda kituo alichoandikishwa. Kitambulisho chake kilikuwa kimepotea ndani ya matatu majuma machache kabla ya hapo. Alikuwa amekwisha kwenda ofisini, akatoa habari ya kupotewa, akachukuliwa alama za vidole, akapewa waraka wa kungojea. Waraka huo ndio aliokuwa nao mkononi. Karani wa mlangoni alipomwona alishikwa na haya, kwani mzee huyo ndiye aliyekuwa akimshonea nguo za skuli. Akamwambia: "Baba, nakujua wewe na nyumba yako na watoto wako. Lakini sheria yataka kadi yenyewe, na mimi si mwenye sheria." Mzee akaukunja waraka wake akarudi kwake. Hakugombana na mtu.

Habari zikafika Ruiru, na baada ya sala ya Isha ndugu wawili wakabishana juu yake. Mmoja ni kijana afanyaye kazi ya hisabu katika kiwanda cha Thika. Mwingine ni mwalimu wa chuo, mtu mzima. Kijana alisema: "Maalim, karani ametenda haki. Leo akimpitisha mzee kwa kuwa amjua, kesho atampitisha mjomba wake kwa kuwa ni mjomba wake." Maalim akamjibu: "Mwanangu, mtu ajulikanaye na mtaa mzima kwa miaka arubaini amekuwa hajulikani kwa kupotea kijikaratasi? Basi sheria hiyo haitafuti kumjua mtu, yatafuta kumkosa." Hawakuafikiana, na ndipo wakatuandikia.

Kabla ya kuhukumu baina yao yapasa tujue sheria yasemaje. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 38, humpa kila raia aliyetimiza umri haki ya kuandikishwa na kupiga kura. Sheria ya uchaguzi ya 2011 imeweka kwamba mwenye kutaka kuandikishwa aonyeshe kitambulisho cha taifa au pasipoti, na siku ya kura aje na waraka ule ule. Juu ya hayo, tangu uchaguzi wa 2013 viko vyombo vya kusoma alama za vidole, ili yule aliyeandikishwa awe ndiye yule anayepiga kura. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 83, yasema kwamba taratibu za kuandikisha watu na kuendesha uchaguzi zipangwe kwa namna ya kumsahilishia raia haki yake, si kumnyima. Na kifungu cha 12 chamfanya kila raia kuwa na haki ya kupewa kitambulisho. Basi sheria ina mikono miwili: mmoja wadai waraka, na mwingine umeahidi kuutoa. Wengi hukumbuka mkono wa kwanza wakausahau wa pili.

Sasa tuzisikilize hoja za kijana, maana ni hoja nzito na haifai kumdhihaki mwenye hoja. Kura ni amana. Baadhi ya maulamaa wa zama hizi wameifananisha na ushahidi: mpiga kura ashuhudia kwamba fulani astahiki kusimamia mambo ya watu. Ikiwa ni ushahidi, yapasa shahidi ajulikane, kwani shahidi asiyejulikana hakubaliwi. Na dini yetu haikudharau maandishi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya Suratul Baqara inayowaamrisha waumini kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, hata kama deni ni dogo. Mwenye kusema kwamba kutaka hati ni kumdhania mtu ubaya, na aizingatie aya hiyo. Sisi huandikiana na ndugu zetu tuwapendao, wala hapana anayeona kuwa ametukanwa.

Tena Kenya imeonja madhara ya kukosa hesabu iliyo safi. Baada ya fitina ya uchaguzi wa Disemba 2007, iliyomwaga damu za watu zaidi ya elfu moja, tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler ilitoa ripoti yake mwaka 2008. Ilikadiria kwamba majina ya wafu yapatayo milioni 1.2 yalikuwamo katika daftari la wapiga kura. Maiti hapigi kura, lakini yuko aliye hai awezaye kumpigia. Na miji ya Thika na Ruiru si vijiji vya zamani ambamo mtu hujulikana kwa babake na kwa kisima chake. Hisabu ya watu ya 2019 iliutaja Ruiru katika miji mikubwa kabisa ya Kenya. Humo wamo watu wa kila kabila, waliohamia mwaka jana na watakaohama mwakani, jirani hajui jina la jirani. Nani atasimama mlangoni amshuhudie mtu kama huyu? Mzee wa mtaa? Naye akipewa elfu moja je? Kadi, asema kijana, haimwonei haya mkubwa wala haimdharau maskini.

Haya ni maneno ya kweli, na Maalim hakuyakanusha. Yeye alisema kwamba amri ya kuandikiana imekuja ili haki za watu zisipotee. Si ili hati ikipotea na haki iwe imepotea pamoja nayo. Mtu akikukopesha mbele ya kadamnasi, kisha karatasi ikaungua, deni lingali shingoni mwako. Hati ni shahidi wa haki, wala si haki yenyewe. Na akatoa dalili ambayo ilitushughulisha sana. Wanawake wa Kenya walipiga kura katika uchaguzi wa 1963 ulioleta uhuru, na hali sheria ya kuandikisha watu haikuwapa vitambulisho mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970. Mama zetu na nyanya zetu walikuwa raia na wapiga kura kwa miaka mingi bila ya kadi ile. Basi kura na kadi ni vitu viwili. Vimefungamanishwa na watu kwa maslaha, na kilichofungamanishwa kwa maslaha hutazamwa kila mara kama maslaha yangaliko.

Ama sisi, tuliporejea habari za zamani za nchi ile ya Thika na Ruiru, tuliona kwamba ugomvi wa ndugu hawa wawili umefichika ndani yake jambo la tatu. Wote wawili wazungumza juu ya karatasi. Lakini karatasi ni chombo tu. La kuangalia ni suala ambalo karatasi imetumwa kuliuliza. Na masuala ni matatu: U nani? U wa nani? U pamoja na nani? Yakaribiana kwa matamshi, lakini baina yake pana umbali wa haki na dhulma.

Tuanze na lile la pili. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na ardhi ya pande zile ikawa mashamba ya walowezi, ya katani na ya kahawa. Mashamba yataka watu wa kuyalima. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya vita, kuanzia 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa kufanya kazi alipigwa chapa ya vidole, akapewa kipande, akakitia katika kijisanduku cha bati na kukivaa shingoni. Watu wakakifananisha na kengele ya mbuzi. Ndani yake liliandikwa jina lake, na bwana wake, na mshahara wake. Na bwana asipotia sahihi kwamba amemwacha, hakuweza kuajiriwa kwengine, na akiondoka hushikwa. Basi kipande hakikumwuliza mtu: U nani? Kilimwuliza: U wa nani? Yaani, mwenyewe ni yupi? Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui katika Kiambu, alisimama kukipinga pamoja na dhulma nyingine mwaka 1921. Alishikwa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kumdai wakapigwa risasi, naye akahamishwa Kismayu. Kipande kikadumu mpaka ilipotungwa sheria ya kuandikisha watu wa kila taifa mwaka 1947.

Kisha likaja suala la tatu. Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Ilikuwa bado ni zama za Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Watu wa Jimbo la Kati, Wakikuyu na Waembu na Wameru, hawakutakiwa masharti ya elimu na mali na umri tu kama wengine; walitakiwa pia wawe na cheti cha utiifu, cha kuonyesha kwamba waliisaidia serikali dhidi ya Mau Mau. Asiyekuwa nacho, ingawa ni mwalimu, ingawa ana mali, hakuandikwa. Wakikuyu wengi wa Kiambu, Thika na Ruiru wakabaki nje, na Bernard Mate wa Meru akamshinda Eliud Mathu, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza lile. Hatusemi kwamba Bwana Mate hakustahiki. Twasema tu kwamba mlango ule haukumwuliza mtu yeye ni nani. Makarani walijua vyema ni nani. Ulimwuliza: U pamoja na nani? Na suala la moyoni halijibiwi kwa cheti, isipokuwa na muongo au mwenye khofu.

Wala tusidhani kwamba haya yalikuwa ya Bara peke yake. Sisi wa pwani tuna sehemu yetu, na si yote ya kujisifu. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwapa Waarabu wa pwani haki ya kuchagua mjumbe, ikawanyima watu wa Thenashara Taifa wa Mombasa kwa kuwahisabu kuwa ni "wenyeji". Watu walioswali safu moja, waliooana, walioandikiana wasia, wakagawanywa kwa daftari. Fitina ikaingia majumbani, vyama vikapasuka. Na wengi katika wazee wetu, Mungu awarehemu, hawakusema kwamba mlango huu si wa haki kwa yeyote. Walisema: nasi tuingizwe, maana nasi si "wenyeji". Walitaka kuhamishwa daftari tu, na yule wa Kiambu aliyevaa bati shingoni hawakumwona. Tunaandika haya kwa huzuni, si kwa kuwatukana waliotangulia. Mwenye kudai haki kwa hoja ya kwamba yeye ni bora kuliko jirani yake amekwisha kuikubali dhulma, naye amebakisha kuchagua mahala pa kukaa ndani yake.

Nao uhuru haukuyafuta masuala hayo mawili. Novemba 1989 Wasomali wa Kenya, raia kwa kuzaliwa, waliamrishwa wachujwe, wakapewa kadi ya pili juu ya kitambulisho chao. Kwa miaka mingi kijana wa Garissa, au Mnubi wa Kibera, au mtoto wa Mombasa mwenye jina la Kiislamu, alipokwenda kutafuta kitambulisho aliketishwa mbele ya kamati, akatakiwa karatasi za babu yake, na mwenziwe wa jina jingine akamaliza shughuli yake asubuhi moja. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliihukumu Kenya kuwa imewadhulumu watoto wa Kinubi katika jambo la uraia. Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba uchujaji huo umeondoshwa. Wako waliofurahi, na wako waliokhofu kwamba wageni watajipenyeza. Khofu hiyo tutaijibu hapa chini.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba nao walionja. Huko, kwa sheria ya 2005, kiliwekwa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na asiye nacho hakuandikwa kupiga kura. Njia ya kukipata ilipita mikononi mwa sheha. Ilipofika Agosti 2009 watu wa Pemba walilalamika kwamba wengi wamenyimwa kadi kwa ajili ya siasa zao, pakazuka ghasia, na kazi ya kuandikisha ikasimamishwa kwa muda. Tazameni jinsi masuala yanavyovaa nguo za wenzao. Kwa dhahiri kadi iliuliza: U nani, na wakaa wapi? Walioikosa waliamini kwamba imewauliza: U pamoja na nani? Na pale watu wanapoamini hivyo, hata karani mwadilifu haaminiwi tena.

Na hapo hapo jirani na Ruiru, pande za Githurai na kwengineko Kiambu, waliishi Washona, watu waliokuja kutoka Zimbabwe kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 kwa ajili ya kanisa lao, mafundi wa mbao na wasukaji vikapu. Baada ya uhuru hawakuandikwa kuwa raia katika muda uliowekwa. Watoto wakazaliwa Kenya, na wajukuu wakazaliwa Kenya, na wote hawana karatasi. Jirani waliwajua, wakanunua vikapu vyao, serikali haikuwajua. Mpaka tarehe 12 Disemba 2020 ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kwamba Washona 1,670 watapewa uraia. Kabla yao Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kulima katani, walikwenda kwa miguu kuelekea Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 ndipo wakasikilizwa. Na Wapemba wa Kwale na Kilifi walitambuliwa mwaka 2023. Hao Washona si wa dini yetu, wala hatuwataji kwa sababu ya dini. Twawataja kwa kuwa haki ikipimwa kwa mizani mbili huwa si haki.

Kutokana na haya yote, rai yetu ni hii. Mlangoni pa kura lafaa suala moja tu: U nani? Yaani, je, wewe ndiye yule aliyeandikwa katika daftari? Hilo ni suala halali, na kulitakia shahidi ni halali, na kijana wetu amesibu katika hilo. Hata Uingereza, iliyotuletea alama za vidole na kijisanduku cha bati, haikuwataka watu wake wa England waonyeshe waraka wenye picha mpaka uchaguzi wa mabaraza wa Mei 2023. Na huko nako watu wamebishana kama sisi. Lakini shahidi huyo ana masharti, na bila ya masharti hayo kadi hurejea kuwa kipande.

Sharti la kwanza: mwenye kudai shahidi naye amlete. Si haki kumwambia mtu "hupiti bila ya kadi" na hali kadi iko katika kabati yako mwenyewe. Novemba 2023 serikali ilitangaza kwamba kitambulisho cha kwanza, kilichokuwa cha bure, kitalipiwa shilingi 1,000, na cha badala, kilichokuwa shilingi 100, kitalipiwa 2,000. Watu walipiga kelele, mahakama ikazuia, na ada zikapunguzwa baadaye. Mfanyakazi wa shamba la mananasi la Thika na azipime ada hizo kwa ujira wake wa siku, aone kama hapo hakuuziwa kura yake mwenyewe. Kadi iwe karibu na iwe upesi, na anayeitaka kwa ajili ya kura asilipishwe.

Sharti la pili: mashahidi wasaidiane, wasigeuke kufuli mbili katika mlango mmoja. Mtu mwenye kuchonga mawe au kuchuma kahawa kwa miaka mingi vidole vyake huchakaa, na chombo hakimsomi. Hapo kadi yafaa imshuhudie. Na aliyepotewa na kadi, naye ana waraka wa serikali na vidole vyake vimo ndani ya chombo. Hapo vidole vimshuhudie. Vyombo navyo hushindwa. Katika uchaguzi wa Machi 2013 vilikufa mahala pengi, na makarani wakarudia daftari la karatasi. Wanazuoni wetu wa fiqhi wana kanuni ijulikanayo na kila mwanafunzi, kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Mzee wa Thika alikuwa na yakini tatu: uso ujulikanao na karani, waraka wa serikali, na vidole vilivyohifadhiwa na Tume yenyewe. Akarudishwa kwa kukosa ya nne. Hapo Maalim ndiye aliyesibu.

Sharti la tatu: tupime makosa mawili bila ya kujidanganya. Mlango wowote utakosea. Ama utampitisha asiyestahiki, ama utamrudisha anayestahiki. Yote mawili ni madhara, lakini hayalingani. Mwizi akiiba katika nyumba ya amana, dhambi ni ya mwizi, na mlinzi hulaumiwa kwa uzembe. Ama mlinzi akimnyima mwenye mali mali yake, basi mlinzi mwenyewe ndiye aliyedhulumu, tena kwa jina la ulinzi. Kwa ajili hiyo wale waliokhofu wageni baada ya tangazo la 2025 twawaambia: khofu yenu ina asili, nanyi mna haki ya kutaka mgeni mwenye hati za kughushi akamatwe na aliyemuuzia ashitakiwe. Lakini mkamateni yeye. Msiwaketishe raia elfu kumi katika kamati ili mmpate muongo mmoja, na muongo mwenyewe ana fedha za kupitia mlango wa nyuma.

Na sasa tujigeukie wenyewe, kwani ni wepesi kwetu kuilaumu serikali na vigumu kujitazama. Wako katika miji yetu, pwani na Bara, wanaouza vitambulisho vyao siku za uchaguzi. Mnunuzi hataki kadi ile aitumie. Ataka tu isitumike. Humpa mtu mia chache, akaiweka kadi mpaka kura imalizike. Mtu huyu alipigania kadi yake miezi sita mbele ya kamati, kisha akaiuza kwa bei ya kilo ya nyama. Wako wanaoapa uongo kwamba mgeni ni mtoto wao, kwa ajili ya ukwe au kwa fedha, kisha kijana wao wa kweli akichujwa kwa ukali hulia kwamba wamedhulumiwa. Kiapo chao ndicho kilichompa mchujaji hoja. Wako vijana ambao kadi zao zimekwisha kutoka na zimelala ofisini, maelfu ya kadi, na wenyewe hawajui hata zilipo. Na wako baba wasioandikisha kuzaliwa kwa watoto wao, hasa mabinti, wakingoja mpaka mtoto afike miaka kumi na minane ndipo waanze kukimbia huku na huku. Aya ya deni tumeisoma sote. Ikiwa tumeamrishwa tuandike deni dogo, je, nasaba ya mtoto si aula kuandikwa?

Tumewajibu ndugu zetu kwa muhtasari hivi. Kijana amesibu kwamba yapasa mtu ajulikane. Maalim amesibu kwamba mzee yule alikuwa amejulikana. Karani hatumlaumu, alitii sheria na hakuficha haya yake. Lawama ni juu ya kanuni iliyompokonya karani kujua kwake bila ya kumpa kitu badala yake, na dawa ni kanuni hiyo ibadilishwe kwa njia zake, kwa wabunge na kwa mahakama, si kwa kuwafundisha makarani kuvunja sheria kwa watu wawapendao. Na kila itakapoletwa kadi mpya, kwa jina lolote, tusiulize kwanza kama ni ya karatasi au ya mtambo. Tuulize: yataka kujua mimi ni nani, au mimi ni wa nani, au mimi ni pamoja na nani? La kwanza tulijibu kwa moyo mweupe. Mawili yaliyobaki tuyakatae, tuulizwapo sisi na aulizwapo jirani yetu.

Kadi ya mzee wa Thika ilitoka baada ya uchaguzi kwisha. Ametuletea salamu, na ametuambia kwamba ameitia katika mfuko wa plastiki na kuishona ndani ya koti lake kwa mkono wake mwenyewe, aingojee nayo kura ijayo, ambayo kwa Katiba ni Agosti 2027. Tumemwambia amefanya vyema. Lakini nchi yenye uadilifu haingemlazimisha fundi kuishona haki yake ndani ya koti.

Wabillahi tawfiq.